Marehemu Anamnyoa Profesa

Kinyozi alipata habari za kifo chake mwenyewe asubuhi, akiwa na wembe mkononi na shingo ya Profesa mbele yake.

Hizo si habari za kumpa mtu mwenye wembe, lakini Profesa hakuwa na desturi ya kuchagua pa kusemea. Alikuwa msomi mkubwa katika Chuo cha Sheria kilichokuwa ng'ambo ya barabara, kile chenye nguzo ndefu na nyasi zisizokanyagwa, na kwa miaka mingi alikuwa akija kwenye kibanda kile kunyolewa ndevu na kupunguzwa nywele zile chache ambazo elimu ilikuwa imemwachia. Akishafungwa shuka shingoni, basi, mhadhara unaanza. Kinyozi alikuwa amehudhuria mihadhara mingi kuliko wanafunzi wenyewe, tena kwa kusimama, na katika muda wote huo hakuwahi kuachiwa nafasi ya kumaliza sentensi moja. Profesa hakujua jina lake, hakujua anakaa wapi, hakujua kama ana mke au ana mbuzi. Alimwita "fundi" na kumkabidhi koo lake, akaona hapo wamejuana vya kutosha.

"Fundi," alisema Profesa siku hiyo, sauti imelowa, "jana nimelia mbele za watu."

"Pole sana, Prof..."

"Tulikuwa na usaili wa wale wanaoomba kuingia mwaka huu. Wewe huwezi kujua. Wote wana alama za juu, wote wanazungumza kama redio, kila mmoja anataka kutetea wanyonge na hajawahi kumwona mnyonge hata kwa picha. Mimi pale mezani nasinzia zangu. Mara akaingia binti mmoja mwembamba, ana paji pana la uso. Tukamwuliza lile swali letu la kila mwaka: ni jambo gani limekutikisa maishani? Yule mtoto akatulia. Akasema, kifo cha baba yangu."

"Maskini," alisema Kinyozi, na alimaanisha.

"Baba yangu alikuwa kinyozi, akasema. Kinyozi, fundi! Mtu kama wewe hivi! Akatueleza kibanda kilivyokuwa, kinatazamana na mahakama. Akatueleza kiti, kiti cha kijani, kimepasuka kwenye mkono, marehemu akakifunga plasta ya kidonda kwa sababu hakutaka kununua kingine. Fundi, mimi nilikiona kile kiti! Nilikiona kwa macho haya!"

Aliyasema hayo kiwiko chake kikiwa juu ya ile plasta.

Wembe ulisimama. Kinyozi alitazama kioo. Kwenye pembe ya kioo hicho palikuwa na picha ya binti mwembamba mwenye paji pana la uso, amevaa sare ya shule, amenuna kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke bila kumpa sababu. Kwa miaka hiyo yote picha ilikuwa imemtazama Profesa usoni, na Profesa alikuwa amejitazama mwenyewe.

"Alikufa vipi?" aliuliza Kinyozi. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kufika mwisho, na Profesa hata hakugundua.

"Umeme! Mashine ya kunyolea. Alikuwa akimnyoa bure mshtakiwa mmoja fukara asiye na wakili, ili asimame mbele ya hakimu akiwa nadhifu. Bure, fundi! Umeme ukamrusha pale pale. Binti akaapa kwamba atasomea sheria, ili siku moja fukara yule apate wakili na si kinyozi tu." Profesa alitoa mkono chini ya shuka akapangusa macho. "Nyumbani wanamwita Wakili."

Kinyozi alimkata kidogo chini ya sikio. Alipaka spiriti, akaomba radhi, na Profesa akasema si kitu, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza.

"Tatizo ni Jaji. Tunaye mama mmoja jaji mstaafu kwenye jopo, moyo wake ni jiwe. Anasema hakuna kinyozi katika mji huu aliyewahi kumnyoa mtu bure. Anataka uthibitisho kabla hajapiga kura. Nikamwambia, mama, mimi nina kinyozi wangu pale ng'ambo ya barabara, vinyozi wote wanajuana. Kwa hiyo kesho kutwa nitamleta hapa, fundi, umweleze kama ulimjua marehemu. Wewe useme tu. Neno lako moja, fundi, linaweza kumwingiza yule mtoto au kumzika."

Alilipa, akajitazama kioo, akaridhika, akavuka barabara. Ukutani, juu ya kabati la mafuta na poda, palikuwa na bango ambalo Kinyozi aliliandika kwa mkono wake: NYWELE LEO, BURE NI KESHO.

Jambo lililomkereketa zaidi halikuwa kufa. Ni kwamba yeye alikuwa amejizuia. Tangu Wakili alipotuma maombi, kila mteja wa kibanda kile alikuwa amesimuliwa habari za binti huyo mpaka wengine wakahamia kwa kinyozi wa stendi. Aliyekuwa hajasimuliwa ni mmoja tu, Profesa, na hilo halikuwa kwa kukosa nafasi peke yake. Ni Wakili mwenyewe aliyemkataza. Alimkalisha babake sebuleni akamwambia, "Baba, usije ukaniombea kwa yule Profesa wako. Hata kwa utani. Nataka niingie kwa haki." Naye Kinyozi alitokwa na machozi ya fahari, akaenda kumsimulia kila mtu kwamba binti yake anataka kuingia kwa haki.

Jioni hiyo alipofika nyumbani alimkuta shemeji yake kwenye kiti kile chenye mto, kiti ambacho katika nyumba ile kila mtu alijua ni cha nani. Huyu ndiye mjomba wa Wakili, kaka wa mama yake, na alijiita mshauri wa elimu ya juu. Ofisi yake ilikuwa meza moja kwenye ujia wa duka la fotokopi. Elimu ya juu yenyewe aliijua kwa nje, lakini alikuwa na tai tatu. Mama Wakili alikuwa akichambua maharage. Wakili alikuwa akipiga pasi.

"Msisimame," alisema Kinyozi mlangoni. "Mimi ni marehemu. Nimepita kuchukua vitu vyangu."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani kabla Wakili hajakumbuka kuinua pasi.

"Nani amekwambia?" aliuliza mama Wakili.

"Profesa. Amelia sana. Nimekuwa mtu mwema ajabu tangu nife."

"Mimi nilipinga, baba Wakili, Mungu shahidi. Kwanza walitaka kuniua mimi."

"Ni kweli," alisema Mjomba kwa upole wa kitaalamu. "Lakini tukaona dada anajulikana mno. Akifa yeye watu watauliza. Wewe shemeji ni mtu wa taratibu. Kaa basi, nikueleze."

Kinyozi alitafuta pa kukaa. Kiti chake kilikuwa na mtu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Chuo kile hakitaki watu wenye akili," alieleza Mjomba. "Wenye akili wamejaa, wanawafukuza mlangoni. Kinataka watu wenye historia. Sasa tazama historia ya mtoto huyu. Baba yupo. Mama yupo. Ada ililipwa. Amekula, amelala, hajawahi hata kulazwa hospitali. Shemeji, nikwambie bila kukuficha, umemlea vibaya. Mtoto wa namna hii wanampeleka kusomea uhasibu."

"Na kumnyoa mtu bure? Hilo nalo lilitoka wapi?"

"Hapo, na kwenye ile mahakama, nilitia chumvi kidogo."

"Na kwa nini umeme?"

"Ugonjwa unachukua muda kuusimulia, na jopo lina watu wengi wa kusikiliza. Umeme ni mara moja."

Kinyozi alimwacha, akamgeukia binti yake. Wakili alikuwa bado amesimama nyuma ya meza ya pasi, ameshika ile sketi iliyoungua. Huyu ni mtoto ambaye tangu anaanza kusema hakuwahi kukosa jibu. Jina la Wakili halikumjia bure. Sasa alikuwa anatazama sakafu.

"Wewe si ndiye uliyesema unataka kuingia kwa haki?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo kumwomba Profesa ni kosa. Kuniua mimi ni haki."

"Baba, mimi sikukusudia kusema vile. Mjomba alinifundisha, nikamwambia siwezi, nikaenda nimeshaamua kusema kweli. Wakaniuliza ni kitu gani kimekutikisa maishani. Nikatafuta, baba. Nilitafuta kweli. Wote wamenikodolea macho na mimi sina kitu." Aliikunja ile sketi, akaikunjua. "Wewe hujawahi kuniacha nikatikisika. Hata siku moja. Ndipo nikasema lile ambalo lingenitikisa."

Mama Wakili aliacha maharage. Mjomba alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaonyesha busara, akakifunga.

Kinyozi alikuwa amekuja na hasira zake zote, amezipanga vizuri tangu stendi, na sasa hakujua azitue wapi. Aliumia. Aliumia kwa sababu ya kile alichosema binti, na aliumia zaidi kwa sababu hakuweza kuamua kama alikuwa ametukanwa au amesifiwa. Mtu anajenga maisha yake yote ili mwanawe asipate shida, halafu anaambiwa kwamba kilichopungua nyumbani ni shida.

"Kesho nitakwenda kuwaambia ukweli," alisema Wakili.

"Ukienda umekwisha," alisema Mjomba. "Si kwao tu. Aliyedanganya jopo jina lake linazungushwa vyuo vyote vya sheria. Hutakaa usomee sheria mahali popote. Wanachukia sana uongo, wale watu. Ndiyo fani yao, hawapendi wageni waingilie."

Hapo ndipo mambo yalipofika. Binti aliyeota jambo moja tu tangu utotoni angelipata au kulikosa kwa neno la kinyozi mmoja, na kinyozi huyo ndiye maiti.

"Usiende popote," alisema Kinyozi mwishowe. "Na wewe shemeji, toka kwenye kiti changu. Mirathi yangu bado haijagawanywa."

Siku ya Jaji kuja, Kinyozi alifagia kibanda mara mbili na kubandua picha ya binti kwenye kioo. Ilikuwa imekaa pale muda mrefu, na ilipotoka iliacha mraba safi unaong'aa kuliko sehemu nyingine zote, mpaka mtu angedhani kioo kimetiwa dirisha. Alijaribu kuusugua ufanane na kwingine. Ukazidi kung'aa.

Jaji alikuwa mama mfupi wa nywele nyeupe, mwenye mkoba mkubwa na macho yasiyo na haraka. Kinyozi alimwamkia, akaitikia, akakataa benchi, akakaa kwenye kile kiti cha kijani. Aliitazama plasta. Profesa alisimama pembeni kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.

"Marehemu ulimjua?" alianza Jaji.

"Tulikuwa pamoja tangu utotoni, mama. Hatujawahi kuachana."

"Mazikoni ulikuwepo?"

"Kama angezikwa bila mimi ningejua."

"Nasikia alikufa akimnyoa mtu bure."

"Mshtakiwa fukara asiye na..." alidakia Profesa.

"Profesa," alisema Jaji, "shahidi ni huyu."

Profesa akanyamaza. Kinyozi alikuwa amengoja miaka mingi kuliona jambo hilo, na siku lilipotokea hakuweza hata kulifurahia. Alitazama bango lake ukutani. Jaji naye akafuata macho yake akalisoma bango, herufi moja moja. Neno moja lilitosha. Hapana, mama, sikumjua, na yote yangekwisha: yeye angebaki hai, na kila siku angerudi nyumbani kwa binti ambaye amemfungia mlango kwa mkono wake. Alipiga moyo konde.

"Mama, nikwambie kweli. Marehemu alikuwa mkono wa birika."

Profesa aliguna kwa uchungu.

"Hakuwahi kumnyoa mtu bure maisha yake yote. Na yule mshtakiwa naye hakunyolewa bure, alinyolewa kwa kudaiwa. Kesi yake ilikuwa inaitwa, mfukoni hana kitu, na marehemu alikusudia kumkamata akitoka mahakamani. Alikuwa anaomba yule mtu ashinde kesi, kwa sababu akifungwa hela zingekwenda naye. Hayo ya kunyoa bure ni mapenzi ya mtoto kwa babake. Msimlaumu."

Pembe ya mdomo wa Jaji ilicheza kidogo.

"Alikuwa mtu wa namna gani tena?"

"Wa kununa. Na mwenye maneno mengi. Alikuwa anamsifia binti yake mpaka wateja wanakimbia." Kinyozi alishika brashi ya poda akaanza kuizungusha mikononi. "Yule binti alipokuwa mdogo, akikosea akaambiwa akalale, halali. Anataka asomewe shtaka. Marehemu karudi nyumbani amechoka, miguu imevimba kwa kusimama kutwa, anakaa ukingoni mwa kitanda anamsomea shtaka: wewe umevunja bakuli. Binti anajitetea. Bakuli lilikuwa pembeni mno, mama hakuonya, ushahidi hautoshi. Anashinda, analala. Kila mara alishinda. Marehemu alikuwa anajifanya ameshindwa." Aliiweka brashi chini. "Samahani, mama, nimesema uongo. Mwanzoni ndiyo alijifanya. Baadaye alikuwa anashindwa kweli. Na hakuna kitu kilichomfurahisha duniani kama kushindwa na yule mtoto."

Profesa alikuwa amechukua shuka la kunyolea na kupengea kamasi humo.

Jaji akasimama, akatundika mkoba begani.

"Marehemu wanaosifiwa tupu nimewasikia wengi mahakamani, na sikuwahi kumwamini hata mmoja," alisema. "Huyu wako ameishi kweli." Akageukia kioo. "Hapa palikuwa na nini?"

"Bei, mama. Zimepanda."

Wakili alidahiliwa. Mjomba alitembea mtaa mzima akipokea pongezi na kugawa kadi zake, na kabla wiki haijaisha wazazi watatu walikuwa wamefika kwenye meza ya fotokopi kuuliza gharama za kufa. Kinyozi alifurahi mpaka akashindwa kula. Halafu Profesa akaja kunyolewa na habari njema zaidi.

"Fundi, kuna mila yetu pale chuoni. Siku ya kupokea wanafunzi wapya, kila mwanafunzi anavishwa joho na mzazi wake jukwaani. Sasa yule mtoto wetu nani atamvisha? Nikasimama kwenye kikao nikawaambia, yupo rafiki wa marehemu, kinyozi mwenzake! Asimame mahali pa marehemu! Wote wakapiga makofi. Itapendeza sana kwenye picha."

"Mama yake je?"

"Mama atakaa mbele alie. Usijali, tumeshamwekea kiti."

Basi Kinyozi akaalikwa kusimama kwa niaba yake mwenyewe. Siku ilipofika alivaa koti la harusi yake, ambalo siku hizi lilikuwa likifunga kwa ridhaa tu. Mama Wakili alivalishwa nguo nyeusi na miwani myeusi ya kuazima, akaongozwa na Mjomba hadi kiti cha mbele kabisa, akiwa mjane ambaye dakika chache kabla alikuwa akimpangusa marehemu vumbi mabegani na kumwambia asisimame kwa kuinama. Mjomba alikuwa ametoa maelekezo kwa kila mtu. Kwa Wakili yalikuwa mafupi: humjui, ni mzee wa watu, mwamkie kwa heshima na usimtazame sana.

Walikutana kwenye ujia nyuma ya jukwaa, Profesa akiwa katikati yao.

"Huyu ndiye mzee niliyekueleza," alisema Profesa.

Wakili alikuwa amevaa nguo nyeupe. Alimtazama babake, akatazama pembeni.

"Shikamoo mzee," alisema.

Alilisema vizuri. Alilisema kama mtu anayemwamkia mgeni kwenye foleni ya benki, kwa adabu, bila kasoro, na hapo ndipo Kinyozi alipokufa kweli. Umeme wa Mjomba haukuwa kitu.

"Marahaba, binti," alijibu.

Ukumbini kila mwanafunzi alikuwa anakula kiapo kwanza, kisha anavishwa joho. Kiapo kilikuwa cha kusema kweli daima, na kwa kuwa kilitungwa na wanasheria kilikuwa kirefu. Kilikataza uongo wa kusema, uongo wa kunyamaza, na uongo wa kumwachia mwenzako aseme. Wanafunzi walikisoma mmoja baada ya mwingine wakiwa wamenyoosha mikono, na hakuna aliyekohoa. Mkuu wa Chuo alikuwa akiangalia saa.

Zamu ya Wakili ilipofika, Profesa alishika kipaza sauti mwenyewe. Alisimulia upya habari za kinyozi aliyekufa, na marehemu akazidi kuwa mtu bora. Kufikia mwisho alikuwa amenyoa bure mtaa mzima. Watu walitoa vitambaa. Kisha Wakili akala kiapo kwa sauti iliyotulia, na Kinyozi akasogea na lile joho jeusi mikononi.

Alipolitandaza mabegani kwa binti, aliona kola imekunjamana upande. Akainyoosha kwa kidole gumba, kisha akapangusa begani kitu ambacho hakikuwepo, jinsi anavyompangusa kila mteja akimaliza, jinsi alivyompangusa mtoto huyu kila asubuhi ya shule kabla hajamwachia aende. Wakili aliujua mkono ule. Uso ukamvunjika.

Akageuka, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Profesa.

"Nimeapa kusema kweli," alisema, "kwa hiyo nianze sasa hivi. Huyu si rafiki wa marehemu. Hakuna marehemu. Huyu ndiye baba yangu. Yeye na yule mama aliyekaa pale ndio walionizaa. Yuko hai, hajawahi kufa hata siku moja, ananyoa pale ng'ambo ya barabara na ninyi nyote mnamjua. Nilidanganya. Mkitaka kunifukuza mnifukuze, lakini huyu ni baba yangu."

Mjomba alianza kuteleza taratibu chini ya kiti chake. Mama Wakili alivua ile miwani. Kinyozi alisimama pale mikono imening'inia, na moyo wake, badala ya kuogopa kama ulivyopaswa, ulikuwa umejaa furaha tupu, furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

Kisha Profesa akapasua kilio.

"Mmesikia!" alipiga kelele bila kipaza sauti. "Mmemsikia mtoto huyu! Kwake marehemu bado yu hai! Amempata baba katika kila kinyozi!"

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi yalipigwa ambayo hayakuwahi kupigwa mahali pale hata kwa waziri. Wakili alijaribu tena, "Sikilizeni, mimi nasema kweli, ni baba yangu kweli," na kila alipolisema neno hilo makofi yakaongezeka. Mkuu wa Chuo aliacha kuangalia saa. Mpiga picha alikuwa amepiga goti.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Jaji alikaa, mkoba mapajani, akilitazama paji la uso la binti, akilitazama la Kinyozi, kisha akirudi kwa binti. Alichukua muda wake. Halafu akatazama ukumbi ule wa wasomi uliosimama ukilia, akapima ni vikao vingapi vingehitajika kumfufua mtu aliyekufa vizuri namna ile, akatikisa kichwa, akaanza naye kupiga makofi polepole.

Walipokuwa wakishuka jukwaani Wakili alikuwa ameushika mkono wa babake kwa nguvu, na hakuuachia hata walipofika katikati ya watu. Profesa aliwafuata, macho mekundu, akaushika mkono mwingine wa Kinyozi kwa mikono yake yote miwili.

"Umeona heshima aliyokupa, fundi? Amekuita baba mbele ya Chuo kizima. Sasa nakuomba kitu kimoja, usimwangushe yule mtoto. Marehemu hakuwa mtu wa mchezo. Kuwa kama yeye si kazi ndogo."

Kinyozi alitazama mkono wa binti yake ndani ya mkono wake.

"Nitajitahidi, Profesa," alisema. "Hata yeye alikuwa anajitahidi tu."